Acheni Kuisingizia Rola

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na wasomaji wangu wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa naezeka nyumba ya mama, na kazi hiyo imeniachia hasira ambayo nimeona heri niimwage hapa kuliko kuendelea kuwapigia watu simu usiku.

Nyumba iko upande wa Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Mimi nafanya kazi Migori mjini, natengeneza programu za stoku na risiti za maduka. Mabati 64 ya mita tatu niliyanunua huku Migori, yakapakiwa kwenye lori, yakapita Awendo na Rongo, yakakata kona Rodi Kopany hadi nyumbani. Risiti imeandikwa "geji 30". Duka silitaji wala kampuni iliyotengeneza siitaji, kwa sababu makala hii haihusu duka moja. Ukienda duka la pili na la tatu utaambiwa yale yale.

Fundi wetu ni mzee aliyeezeka nusu ya kijiji. Aliinua bati la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba, likabonyea kama kopo la maziwa. Akaliweka chini.

"Kuna nini, jaduong'?" nikamuuliza.

"Wuoda, hii ni karatasi. Si kosa lako. Siku hizi rola za viwandani zimelika. Zamani zilikuwa mpya, bati lilikuwa bati. Sasa rola zimechoka, zinatoa vitu vyembamba."

Nikampigia mwenye duka. Jibu ni lile lile: mashine za kule zimezeeka, rola zimekwisha, sisi tunauza kinachokuja. Jioni nikamsimulia rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu, mtu mwenye digrii kama mimi. Naye akasema, "Ni kweli bwana, ni mambo ya wear and tear."

Hapo ndipo nilipoketi kuandika. Mzee hana kosa, anarudia alichoambiwa. Lakini sisi tuliosoma tukianza kurudia maneno haya bila kuyapima, tumekuwa wasemaji wa bure wa watu wanaotuuzia upepo.

Hoja yangu ni moja, na nitaitetea hadi mwisho: BATI JEMBAMBA HALITOKANI NA ROLA ILIYOLIKA. LINATOKANA NA MTU ALIYEANDIKA NAMBA.

Kwanza, rola gani?

Watu wengi wakisikia "rola" wanafikiria ile mashine ya kukunja, inayochukua bati bapa na kulitia mawimbi au mikunjo ya boksi. Mashine hiyo ni ndogo kiasi kwamba unaweza kuiweka kwenye ghala la kawaida. Ina safu za rola zinazolikunja bati hatua kwa hatua. Sikia vizuri: mashine hii haipunguzi unene. Bati linaloingia na milimita 0.30 linatoka na milimita 0.30, ila limekunjwa. Rola zake zikilika au zikishika uchafu, kinachoumia ni rangi na mipako, kwa mikwaruzo, na mikunjo inaweza kutoka imepinda. Unene haubadiliki. Kwa hiyo anayesema mashine ya kukunja "imetoa bati jembamba" ametoka nje ya mada kabla hatujaanza.

Unene unaamuliwa mbali zaidi, kwenye mtambo wa kubana chuma baridi. Hapa Kenya mtambo unaojulikana zaidi wa kazi hiyo uko Mariakani, kaunti ya Kilifi, kwa Mabati Rolling Mills, kampuni iliyoanza mapema miaka ya 1960. Sisemi mabati yangu yalitoka huko. Naitaja ili ujue kwamba kazi hii inafanyika nchini na si uchawi wa Wazungu. Koili nyingine zinaingia bandarini Mombasa zikiwa zimeshabanwa na kupakwa huko Asia, na hapa zinakunjwa tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Koili ya chuma iliyobanwa ikiwa moto, yenye unene wa kama milimita mbili au tatu, inaoshwa kwa asidi kuondoa magamba ya kutu. Kisha inapitishwa kati ya rola mbili ngumu sana zinazosukumwa kwa nguvu ya mamia ya tani. Rola hizo za kazi huwa nyembamba kiasi, na nyuma ya kila moja kuna rola nene ya kuiegemeza isipinde. Chuma kinapita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara kinakuwa chembamba na kirefu zaidi, huku maji yaliyochanganywa na mafuta yakimwagwa ili kupoza na kulainisha. Kinatoka na milimita 0.4, 0.3, 0.2 au vyovyote ulivyoagiza. Baadaye ndipo kinapakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, halafu rangi.

Je, rola hulika? Ndiyo. Sasa sikiliza.

Sitaki mtu aseme nimekataa ukweli. Rola hulika, na viwanda vinatumia fedha nyingi kupambana na jambo hilo. Sababu ni kwamba chuma hakipiti kati ya rola kwa mwendo sawa na uso wa rola. Kinaingia polepole kuliko rola na kutoka haraka kuliko rola. Mahali pamoja tu katikati ndipo mwendo unalingana. Kwingine kote kuna msuguano. John Archard aliandika mwaka 1953 kanuni ambayo hata mwanafunzi wa kidato anaweza kuielewa: kiasi kinacholika kinaongezeka kwa nguvu ya mgandamizo na kwa umbali wa msuguano, na kinapungua kadiri kitu kilivyo kigumu. Ndiyo maana rola hutengenezwa kwa chuma cha kufua chenye kromiamu, hugumishwa juu, na wengine huzipaka kromiamu nyingine usoni.

Rola hazitumiki hadi zife. Baada ya tani kadhaa au kilomita kadhaa za chuma, hutolewa, hupelekwa kwenye mashine ya kusaga, uso huchongwa kidogo, hupimwa kama kuna nyufa, kisha hurudishwa. Zikipungua hadi kipenyo cha mwisho kilichowekwa na mtengenezaji, zinatupwa. Yaani kila rola ina kitu kama kitabu chake cha kliniki: iliingia lini, ikatoka lini, ikachongwa kiasi gani. Sisi waandishi wa programu tungefurahi kama wateja wetu wangetunza rekodi za namna hiyo.

Sasa swali. Rola ikilika, kipenyo chake kinapungua. Rola mbili zikipungua kipenyo huku zimesimama mahali pale pale, nafasi kati yao inafanya nini? INAONGEZEKA. Na nafasi ikiongezeka, chuma kinatoka kikiwa kinene, si chembamba!

Kama huniamini, nenda Awendo. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza kimekamua miwa pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na kila mtu aliyefanya kazi kwenye vinu vya miwa anajua kinachotokea rola zikilika kwa mchanga unaokuja na miwa. Nafasi inapanuka, miwa inapita bila kubanwa vizuri, na makapi yanatoka yakiwa bado na maji matamu. Hakuna mtu Awendo atakayekuambia kwamba rola iliyolika inabana zaidi. Rola iliyolika inabana kidogo zaidi. Mti wa kusukumia chapati ni vile vile: ukichongeka kwa miaka, haukupi chapati nyembamba. Chapati nyembamba inatoka kwenye mkono wa anayesukuma.

Kwa hiyo kisingizio hiki si uongo mdogo tu. Kiko kinyume kabisa na ukweli, kama mtu anayekuambia tangi limejaa kwa sababu linavuja.

Programu iliyo ndani ya mtambo

"Lakini," atasema msomaji mjanja, "si nafasi inarekebishwa? Labda wanarekebisha vibaya." Asante, umenipeleka mahali ninapopajua.

Rola hazikai mahali pale pale. Mtambo unapobana, fremu yake nzima inanyooka kidogo kama mpira, kwa hiyo unene unaotoka si sawa na nafasi uliyoweka. Wahandisi wanaandika hivi:

h = S + F/M

Yaani unene unaotoka (h) ni nafasi iliyowekwa (S), ukijumlisha nguvu ya mgandamizo (F) iliyogawanywa kwa ugumu wa fremu (M). Katikati ya karne iliyopita Waingereza walianza kutumia hesabu hii kurekebisha unene mtambo ukiwa unazunguka. Juu yake kuna kipimo cha eksirei au cha miale ya nyuklia kinachosoma unene wa chuma bila kukigusa, tena na tena, hadi mikroni, huku chuma kikipita kwa mamia ya mita kwa dakika. Kwa lugha yetu ya kuandika programu, kiini chake ni hiki:

mradi mtambo unazunguka:
    unene = soma(eksirei)
    kosa = unene - unene_ulioagizwa
    kama kosa > 0: bana_rola()
    kama kosa < 0: achia_rola()

Programu halisi ni ndefu zaidi ya hiyo, lakini kazi yake ndiyo hiyo. Rola ikilika mikroni tano, eksirei inaona chuma kimenenepa, na mtambo unabana zaidi mpaka namba irudi. Mlikaji umeshafidiwa kabla mlinzi wa getini hajamaliza chai yake.

Sasa tazama jina la kile kigezo katika mstari wa tatu. unene_ulioagizwa. Hakikuandikwa na rola wala na uzee. Kuna mtu ameketi ofisini akaandika 0.24 kwa sababu kuna mtu mwingine ameagiza 0.24. Mtambo ukatii. Ukatii vizuri sana, pengine kwa usahihi unaowashinda madaktari wetu wengi.

Kila mwandishi wa programu anajua tofauti kati ya hitilafu na mpangilio. Hitilafu ni kitu kinachotokea bila mtu kutaka. Mpangilio ni kitu ambacho mtu alichagua. Bati jembamba ni mpangilio. Tukiliita hitilafu tunamwondolea mtu aliyechagua mzigo wa kujibu.

Nitakuwa mwaminifu kwa jambo moja ambalo mhandisi anaweza kunitupia. Ni kweli kwamba rola yenye kipenyo kidogo inaweza kubana chuma chembamba zaidi kuliko rola nene. Kwa hiyo rola iliyochongwa mara nyingi inapata uwezo kidogo zaidi wa kubana. Lakini maisha yake yote rola hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Na hata hivyo, huo ni uwezo tu. Panga lenye makali halikati shamba la jirani lenyewe.

Rola iliyolika inatoa nini hasa?

Inatoa kasoro za uso na za umbo, na ni vizuri uzijue ili usidanganywe kwa upande wa pili.

Kwanza, rola mpya ina ukwaruzo wake mdogo uliowekwa makusudi. Ikilika, vilima vyake vidogo vinasawazika na uso unakuwa laini kupita kiasi. Ukwaruzo huo unahamia kwenye chuma, na ukikosekana au ukiwa hauko sawa, mafuta hayakai vizuri wakati wa kubana na mipako au rangi inaweza kuonekana tofauti sehemu na sehemu.

Pili, rola hulika zaidi pale chuma kinapopita kuliko pembeni kabisa. Umbo lake likibadilika, chuma kinabanwa zaidi kwenye kingo kuliko katikati, kingo zinarefuka, na bati linatoka na kingo zenye mawimbi. Ukiliweka sakafuni halitulii.

Tatu, rola ikipata jeraha, yaani kishimo au kipande cha chuma kilichogandia, jeraha hilo linapigwa chapa kwenye chuma kila rola inapozunguka. Hapa kuna kipimo kizuri ambacho unaweza kufanya mwenyewe. Ukiona alama ile ile inajirudia kwenye bati, pima umbali kati ya alama mbili na ugawanye kwa 3.14. Kama alama iliachwa katika mbano wa mwisho, unapata kipenyo cha rola iliyoiacha. Alama zikiwa sentimita 126 mbalimbali, rola ilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 40, basi elekeza kidole kwenye mtambo wa kubana. Zikiwa sentimita 47, rola ilikuwa ya sentimita 15 hivi, na hapo unaweza kuishuku mashine ya kukunja.

Mabati yangu 64 niliyakagua moja baada ya jingine, mama akinitazama kama mtu aliyepoteza akili mjini. Hayana alama zinazojirudia. Hayana kingo za mawimbi. Rangi inang'aa. Rola zilizoyabana zilikuwa katika afya njema kabisa! Yana kasoro moja tu: ni membamba.

Mizani ya samaki

Nilijuaje ni membamba, ukiacha kidole cha mzee? Nilikopa mizani ya kuning'iniza kwa jirani anayenunua samaki. Nikafunga mabati kumi kwa kamba, wawili tukainua. Kilo 52. Kilo 5.2 kwa bati moja.

Hesabu ni hii, inakili uende nayo dukani. Pima upana wa bati kabla halijakunjwa. Kama limeshakunjwa, fuatisha uzi juu ya mikunjo yote kutoka ukingo hadi ukingo, kisha upime uzi. Wangu ulikuwa sentimita 91.4. Zidisha kwa urefu wa mita 3, unapata mita za mraba 2.742. Chuma cha unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo bati hili lingekuwa na milimita nzima lingekuwa na kilo 21.5. Gawanya 5.2 kwa 21.5. Unapata milimita 0.24, na hapo nimehesabu mipako na rangi kana kwamba nazo ni chuma. Chuma chenyewe ni pungufu ya hapo.

Sasa "geji 30" ni milimita ngapi? Karibu kwenye kichekesho. Kwa jedwali la Kimarekani la chuma kisichopakwa, geji 30 ni milimita 0.305. Kwa jedwali la Kiingereza la waya ni 0.315. Kwa jedwali la Kimarekani la mabati yaliyopakwa zinki ni 0.399. Na katika jedwali hilo la mwisho geji 32 ni 0.340, yaani geji 32 ya huku ni nene kuliko geji 30 ya kule! Ningemletea mteja programu ambayo namba moja ina maana tatu kulingana na nani anaisoma, ningefukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana. Lakini nchi nzima inanunua paa kwa mtindo huo.

Hata nikimpa muuzaji jedwali linalompendelea zaidi, lile la 0.305, bati langu lilipaswa kuwa na kilo 6.56. Pungufu ni kilo 1.36 kwa kila bati. Kwa mabati 64 ni kilo 87. Nililipia kilo 87 za chuma ambazo hazikuwahi kupita Rongo. Zingekuwa kilo 87 za sukari, tungekuwa polisi sote.

Hoja za upande wa pili

"Watu wa kijijini wanataka bei nafuu." Sawa. Wauzieni 0.24 na muandike 0.24. Sina ugomvi na bati jembamba. Banda la kuku halihitaji bati la kanisa. Nina ugomvi na bati jembamba lililovaa jina la bati nene.

"Siku hizi kuna chuma kigumu zaidi, kwa hiyo chembamba kinatosha." Ni kweli, kuna mabati ya chuma kigumu yanayostahimili mzigo kwa unene mdogo. Basi andikeni na ugumu pia. Mtu mwenye sifa nzuri hafichi cheti. Na ugumu hauzuii kutu: hapo kinachohesabiwa ni gramu za mipako kwa mita ya mraba, namba nyingine ambayo haipo kwenye risiti yangu.

"Si kuna alama ya ubora ya KEBS?" Ipo, na kuna huduma ya kutuma ujumbe wa simu kuthibitisha kibali cha bidhaa. Itumie. Lakini kibali kinakuambia kuhusu chapa. Hakikuambii lolote kuhusu bati hili ulilolishika mkononi. Hilo linaambiwa na mizani.

Halafu kuna hoja ya vijana wenzangu wa teknolojia, ambayo inanikera kuliko zote: "Tutengeneze app! Upige bati picha, akili bandia ikuambie ni feki." Jamani. Mimi naishi kwa kuandika programu na nawaambia hili halihitaji programu. Kiwandani kuna eksirei iliyojua unene wa kila mita ya chuma hicho hadi mikroni. Taarifa ilikuwepo! Ilipotelea njiani, kati ya kiwanda, msafirishaji, duka na risiti, kwa sababu kuna wanaonufaika ikipotea. Huwezi kuirudisha kwa kupiga picha paa. Unairudisha kwa kuwalazimisha watu waichape kwenye bati.

Ninachodai

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora wa kuridhisha na taarifa zinazohitajika ili anufaike nazo. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, ipo miaka mingi. Tayari tuna idara inayokagua mizani za nyama na pampu za petroli. Basi:

1. Kila bati lichapwe milimita za chuma chenyewe bila rangi, na gramu za mipako. Neno "geji" lisiwe na uzito wowote kwenye risiti.

2. Risiti iandike kilo. Duka linalouza misumari kwa kilo linaweza kupima mabati kwa kilo.

3. Kaunti za Homa Bay na Migori zikitangaza zabuni za kuezeka zahanati, soko au darasa la chekechea, ziandike milimita. Mkandarasi aliyepewa "geji 28" bila jedwali hawezi kushtakiwa hata akileta karatasi ya sigara. Mvua za Aprili na upepo wa ziwani zikija, wanaonyeshewa ni watoto, yeye ameshalipwa.

4. Na wewe msomaji, mara nyingine ukiambiwa "rola zimelika", uliza swali moja tu: zimelika mikroni ngapi, na kwa nini nafasi imepungua badala ya kuongezeka? Kisha nyamaza usubiri.

Mwisho wa kisa. Nilirudi dukani na kamba yangu, hesabu yangu na mizani ya samaki. Mwenye duka, mtu mpole tu, alitazama karatasi muda mrefu, akasema, "Kijana, mimi naagiza kwa namba wanayonipa." Nikamwambia, ndiyo, na hiyo namba ndiyo nimeijia. Hakunirudishia pesa. Ila aliniuliza kama ile hesabu ya 7.85 anaweza kubaki nayo. Nikamwachia.

Mabati tuliezeka hayo hayo, mama hawezi kulala nje kusubiri nishinde mjadala. Mzee fundi aliongeza mbao za kupaulia, akazisogeza karibu zaidi, gharama juu yangu. Alipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo rola hazijalika?" Nikamwambia, "Zimelika, jaduong', lakini si hizo zilizotuumiza." Akacheka, akasema basi ameuza uongo wa bure miaka kumi.

Nami nimeacha kuuza. Wewe je? Kama una mabati uani na mizani kwa jirani, pima, uniandikie kilo, urefu na upana wa uzi. Jina la duka usinitajie. Nataka namba tu.

Tuonane makala ijayo, nitarudi kwenye mambo ya kompyuta. Nadhani.